Uzito wa Kifyatulio

Kilosa mjini, mtaa wa nyuma ya reli, Makarius anajulikana na kila mtu, ila wachache tu wanajua kwamba anaitwa Makarius. Wengine wote humwita Mzee Milimita. Jina hilo alibandikwa na seremala aliyemtengenezea mlango wa karakana, akarudishiwa mlango ule mara tatu, na mara ya tatu ni kwa ajili ya mwanya ambao hata ukucha haupiti. Mlango ulipokuja mara ya nne ulikaa sawasawa, na Makarius akaupokea bila kusema asante. Kwa mawazo yake, mtu hashukuriwi kwa kufanya alichoahidi.

Ana miaka sitini na mbili. Alizaliwa milimani, akasoma shule ya misheni hadi darasa la saba, kisha akawa fundi saa kwenye kibaraza cha duka la mtu. Watu walipoanza kutazama saa kwenye simu, yeye alikuwa ameshahamia kwenye bunduki. Aliyemfundisha ni fundi mmoja wa Morogoro, mtu mkali aliyekosa jicho moja na hakupenda kuulizwa lilikwenda wapi. Leo Makarius ana leseni ya ufundi wa silaha, kaitundika ukutani ndani ya fremu ya kioo, na ana daftari analoandika namba ya kila bunduki inayoingia na kutoka. Jumapili hufika kanisani nusu saa kabla ya ibada ili anyooshe mabenchi. Hakuna aliyempa kazi hiyo.

Wateja wake si wengi. Wakulima wa tambarare humletea shotigani wanazofukuzia nguruwe pori mashambani, na wapo wachache wenye vibali vya kuwinda wanaomletea raifo msimu unapokaribia. Bunduki ikivuka mlango ule, kitu cha kwanza anachofanya ni kuifungua atazame kama ina risasi, hata kama mwenye nayo ameapa kwa mama yake kwamba haina. Watu huchukia. Yeye huwaacha wachukie, anatazama.

Lakini kitu anachokishikilia kuliko vyote ni uzito wa kifyatulio, kile kichuma ambacho kidole hukivuta ili risasi itoke. Kikiwa kizito mno, mwindaji hukivuta kwa kiganja kizima, mtutu unayumba, na mnyama anakwenda kufia mbali akiwa na risasi tumboni. Kikiwa chepesi mno, risasi hutoka kabla mwenyewe hajaamua. Katikati ya hayo mawili Makarius ameweka mpaka wake: kilo moja na nusu. Anayelenga karatasi akiwa ameketi kwenye meza, huyo ashuke atakavyo, akatafute fundi mwingine. Anayetembea kwenye miiba, ana jasho, moyo unamwenda mbio na mwenzake yuko mbele yake, huyo hashuki chini ya kilo moja na nusu. Amewahi kumfukuza mtu karakanani kwa kumwomba kilo moja, na mtu huyo alikuwa na cheo.

Uzito huo alikuwa akiupima kwa mizani ndogo ya ndoano aliyorithishwa na yule fundi wa Morogoro. Mwezi wa sita mwaka huu mizani hiyo ikavunjika. Aliagiza nyingine kutoka Dar es Salaam kwa kijana wa duka la vifaa, akaambiwa wiki ijayo, na wiki ijayo ikawa miezi miwili.

Basi ndipo akaja Gerald.

Gerald ni fundi matairi wa Mikumi, kijiwe chake kiko kando ya barabara kuu, malori yanayopanda kwenda Iringa yanamfahamu. Ana miaka arobaini na kitu na mikono ambayo ukiishika unadhani umeshika kipande cha tairi. Raifo yake aliirithi kwa baba yake kihalali, karatasi zote zimetimia, na kila msimu huchukua kibali cha mnyama mmoja au wawili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete hiyo, na usiielekeze huku."

Gerald alieleza shida yake akiwa amesimama. Msimu uliopita alimpiga kuro, yule swala mkubwa wa kandokando ya mito, akamjeruhi paja. Yeye na shemeji yake Yared, ambaye porini hutembea mbele, walifuata damu mpaka jua likazama, hawakumwona. "Nikivuta triga, mzee, ni kama navuta jeki. Bunduki inahama. Yule mnyama sijamsahau mpaka leo." Kisha akatoa simu, akamwonyesha video ya mzungu mmoja anayesema gramu mia saba zinatosha.

Makarius aliitazama video hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema, "Nipe mkono."

Gerald akampa. Makarius alishika kidole cha shahada, akachukua sindano ya kushonea turubai, akakigusa kwa ncha yake.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Ndiyo jibu lenyewe," Makarius akasema. "Kidole hiki kimekufa ganzi kwa pancha. Huyo mzungu wako kidole chake kinasikia hata nzi akitua. Wewe ukipewa gramu mia saba utapiga risasi ukidhani unajikuna. Nakupa kilo moja na nukta sita. Nimekuongezea mia moja kwa sababu ya kidole. Njoo kesho."

Gerald alicheka, akakubali. Hakuna aliyekuwa akibishana na Mzee Milimita kwa muda mrefu.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Magdalena, mke wa Makarius, alikuwa amekwenda Lumuma kuchukua maharage. Yeye ni mchuuzi. Ananunua maharage milimani na kuyauza kwa kilo pale Dumila njia panda, ambako mabasi ya Dodoma husimama na abiria hununua kupitia dirishani. Mizani yake ya kuning'iniza, ile yenye uso wa duara na sindano, ilikuwa kwenye msumari wake jikoni. Makarius aliiona alipokwenda kuchukua chai.

Aliifunga kwenye boriti ya karakana, akatengeneza ndoano kwa waya wa baiskeli, akaanza. Kipimo cha kwanza: kilo nne na zaidi. Si ajabu kuro wa watu alikimbia na risasi pajani. Alifungua kifyatulio, akakisugua kijino kinachoshikilia pini ya kupigia risasi kwa jiwe laini na mafuta, kidogo kidogo, akilegeza skrubu ya springi robo mzunguko, anapima, anasugua, anapima. Saa tisa alasiri sindano ilisimama kwenye moja na nukta sita. Alipima mara tano, ikarudi palepale mara zote tano. Kisha akaikoki, yaani akaitega, ikiwa haina risasi, akaiinua hadi usawa wa goti na kuiangusha kwa kitako juu ya kipande cha tairi, mara ishirini. Pini haikuruka hata mara moja. Akagonga kitako kwa nyundo ya mbao. Haikuruka.

Mwisho akavuta kifyatulio kwa kidole chake mwenyewe, macho kafumba, kama alivyofundishwa. Pini ikaruka mapema.

Akafumbua macho. Akakoki tena, akavuta. Ilikuwa nyepesi. Kidole chake kilimwambia waziwazi kwamba hiyo si moja na nukta sita, na kidole hicho kilikuwa na miaka ishirini na tisa ya kazi. Lakini tangu mwaka jana daktari alimwambia ana sukari, na asubuhi nyingine vidole vyake huamka vizito. Akautazama mkono wake, akaitazama mizani. Mizani haizeeki, akajisemea. Akaandika daftarini: kilo 1.6. Gerald akaja Alhamisi, akaichukua, akasema Jumamosi wanaingia porini upande wa ng'ambo ya Malolo.

Ijumaa saa sita mchana Magdalena alikuwa akifunga mizigo yake ya Dumila. Alitoa mizani msumarini, akaona alama ya grisi kwenye ndoano.

"Baba Vaileth, nani kagusa mizani yangu?"

"Mimi. Nilipimia bunduki ya Gerald wa Mikumi."

Magdalena aliweka mizani mezani, akavuta kiti, akakaa, na yeye si mtu wa kukaa mchana.

"Ulipimia nini hasa?"

"Triga. Kwani vipi?"

"Mizani hii inazidisha," Magdalena akasema. "Inazidisha robo kwa kila kilo, Baba Vaileth. Ukiona kilo moja, humo mna robo tatu."

Makarius alimtazama mkewe kwa namna ambayo, kusema kweli, hakustahili kutazamwa. Miaka thelathini na nne ya ndoa, na mawazo yaliyomjia yalikuwa ya haraka na mabaya: kwamba amekuwa akila na kusali na mwizi wa sokoni. Akafungua mdomo ayaseme.

"Usinitolee macho," Magdalena akamkatiza. "Springi hiyo uliiweka wewe."

"Mimi?"

"Ile ya kwanza ilikatika mwaka ule Vaileth anaolewa. Ukachukua springi kwenye kopo lako, ukaiweka. Nikaenda nayo Dumila, nikarudi nikakwambia inazidisha, mama mmoja amelalamika. Ulikuwa una bunduki ya mtu mezani. Hukuinua hata kichwa. Ukanijibu, 'Mama Vaileth, hayo ni maharage. Robo kilo haiui mtu.'"

Makarius alikumbuka. Hakukumbuka maneno kwanza, alikumbuka springi, iliyotoka kwenye mashine ya kushonea, laini kidogo, na jinsi alivyofikiri inatosha kwa kazi ya sokoni. Kisha maneno yakaja nayo, kwa sauti yake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Na wewe ukaendelea kuitumia," akasema, kwa unyonge.

"Nikaendelea. Mara ya kwanza nilikwambia. Mara ya pili nilinyamaza, maana ilikuwa inatulisha." Alisema hivyo bila kujitetea. "Sasa huyo Gerald ana ngapi kidoleni?"

Makarius alipiga hesabu, ingawa hakuihitaji. Kilo moja na gramu mia mbili. Kwa kidole kisichosikia sindano. Na Yared hutembea mbele.

Walipiga simu ya Gerald, haipatikani. Wakapiga tena na tena hadi saa nane. Makarius alivaa viatu, akatia bisibisi na jiwe la kunolea kwenye mfuko wa koti. Alipofika mlangoni alimkuta Magdalena amejifunga kitenge, kikapu mkononi, na mizani iko ndani ya kikapu. Hakumwuliza anakwenda wapi. Gari la kwenda Mikumi lilichukua saa mbili na zaidi, kwa sababu dereva alisimama kila penye mtu na hata pasipo na mtu, na njia nzima mume na mke walisema maneno matatu, yote kuhusu dirisha.

Walifika kijiweni kwa Gerald saa kumi na moja jioni. Makarius alishukuru Mungu alipomwona ameketi juu ya tairi, mzima. Shukrani ile haikudumu, kwa sababu Gerald alipowaona alisimama polepole kama mgonjwa, na mkabala naye, upande wa pili wa kijiwe, Yared alikuwa ameketi kwenye benchi akiwa amempa mgongo. Mashati ya wote wawili yalikuwa na vumbi la porini.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Nani amewapa habari?"

"Marahaba. Habari gani?" Makarius akauliza.

Gerald alieleza. Askari wa wanyamapori wa kuwasindikiza alipata nafasi Ijumaa badala ya Jumamosi, wakaingia porini alfajiri. Saa tano wakamwona kuro dume. Gerald akatoa sefti, kile kizuizi cha triga, akaanza kuinua bunduki, kidole kikatangulia kidogo kwenye triga, na bunduki ikalia haijafika begani. "Sikuvuta, mzee. Naapa sijui kama nilivuta."

Yared, bila kugeuka, alisukuma kwa mguu dumu la lita tano lililokuwa chini ya benchi. Lilikuwa dumu lake la maji, analobeba mgongoni kwa kamba. Lilikuwa na tundu dogo upande mmoja, na tundu kubwa lenye kingo zilizochanika upande wa pili, karibu na pembe.

"Nilisikia majimaji ya moto yananishuka kiunoni," Yared akasema. "Jua lilikuwa limeyachemsha. Nikajua ni damu. Nikalala chini nikasubiri kufa. Nikasubiri sana."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine ingekuwa hadithi ya kuchekesha.

"Mzee, nisamehe," Gerald akaendelea, na machozi yalikuwa karibu. "Niliona aibu kukupigia, nikazima simu. Wewe ulinionya. Uliniongezea hata hizo mia moja kwa ajili ya kidole, ukanipimia sawasawa, na bado nusura nimuue ndugu wa mke wangu. Kosa si la bunduki, ni la kidole hiki. Jumatatu naipeleka polisi, naisalimisha. Ni ya baba, lakini basi."

Lori moja likapita, likafuatiwa na jingine.

Makarius aliona njia iliyofunguka mbele yake, pana kabisa. Asingehitaji kusema uongo hata mmoja. Angeitikia kwa kichwa, angesema Mungu mkubwa, angerudi Kilosa kwenye leseni yake na fremu yake ya kioo. Gerald angebaki na kosa lake hadi kaburini, Yared angebaki amempa mgongo, na hakuna fundi wala polisi ambaye angeuliza. Alimtazama Magdalena. Magdalena alikuwa ameweka kikapu mapajani, mikono juu yake, na alikuwa akitazama barabara. Hakumsaidia.

"Nani ana maji ya dukani?" Makarius akauliza. "Chupa ya lita moja na nusu, isiyofunguliwa."

Gerald, bila kuelewa, alivuka kwenda kibandani akaja nayo. Makarius alimnyooshea mkewe mkono, naye akatoa mizani kikapuni. Akaifunga kwenye boriti ya kijiwe, akaitundika chupa kwa kamba shingoni, akaiachia itulie.

"Soma," akamwambia Yared.

Yared akageuka. Akasogea karibu, akasoma, akasoma tena. "Mbili."

"Chupa ni moja na nusu. Hii ndiyo mizani niliyopimia bunduki yenu. Nilimpa Gerald moja na nukta mbili, nikaandika moja na nukta sita. Kidole changu kiliniambia, nikakipuuza."

Gerald alikitazama kidole chake.

"Mama," Yared akasema, akimtazama Magdalena, "si ndiyo hii unayopimia maharage Dumila? Mimi nanunua kwako kila nikipita."

"Ndiyo hii."

"Springi niliiweka mimi," Makarius akasema. "Miaka saba iliyopita. Mama Vaileth aliniambia inazidisha robo, nikamjibu robo kilo haiui mtu."

Yared aliinama, akaokota dumu lake, akaingiza kidole kwenye tundu kubwa. Kidole kizima kikazama. Akaenda kuketi kwenye tairi kando ya Gerald, mabega yao yakigusana, na wote wawili wakamtazama Makarius kama mtu wasiyemjua.

Bunduki aliirekebisha palepale, akaning'iniza chupa ile kwenye kifyatulio badala ya mizani, akakaza skrubu mpaka ikashikilia chupa na bisibisi mbili juu yake bila kutoka. Gerald alimshukuru kwa sauti ya mbali. Jumatatu aliyekwenda polisi ni Makarius. Alieleza yote, akaandikisha maelezo, leseni ikashushwa ukutani, na karakana ikafungwa kwa miezi mitatu wakati jambo linaangaliwa. Watu wa mtaani walipouliza, aliwaambia. Alieleza kwa usahihi, pamoja na gramu, na baadhi yao walitamani asingeeleza kirefu hivyo.

Springi ya mizani aliibadilisha kesho yake. Alikaa nayo tangu asubuhi hadi alasiri, kwa chupa za maji na paketi za sukari, mpaka sindano ikawa inasimama katikati ya mstari wala si pembeni yake.

Na kwa kuwa hakuwa na kazi, Jumamosi alikwenda Dumila na mkewe kumshikia mifuko. Mteja wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene wa pale njia panda, wa siku nyingi. Magdalena alimpimia kilo mbili za maharage. Yule mama aliupokea mfuko, akaupima kwa mkono, juu chini, akakunja uso.

"Leo umeniongezea, Mama Vaileth? Kuna nini?"

Magdalena aligeuka akamtazama mumewe. Makarius alikuwa ameshika mfuko mwingine, ameufungua tayari kwa mteja wa pili. Alitamani sana mtu mwingine ajibu.

"Hajakuongezea, mama," akasema. "Hizo ndizo kilo mbili."